Mawe ya Mtumba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyasikia mawe kabla sijayaona. Nilikuwa napita uchochoro wa nyuma ya hoteli moja mjini Moshi, mkononi nina kikapu cha nyanya na kibuyu cha mafuta ya taa, nikasikia mlio upande wa pili wa ukuta. Mlio mwembamba, mkavu, kama vigae vinavyogongana ndani ya gunia. Nikasimama. Mawe ya mlimani hayalii vile. Jiwe la Kilimanjaro ni zito, ukiligonga linajibu kwa sauti ya kifuani. Mlio ule niliujua tangu utotoni Tanga, pale bahari inapokupwa na watoto wakatembea juu ya vipande vya matumbawe. Moyo ulinishtuka, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake katika mji ambao hakuna anayemjua.

Niligonga geti. Ndani walikuwa wanalibomoa tangi la samaki wa baharini lililokuwa mapokezi. Samaki walikufa zamani, maji yalimwagwa, na mawe yake yalikuwa yamekaa stoo muda mrefu hadi yakawa meupe kama mifupa. Meneja, kijana mwenye haraka, alinitazama kuanzia kanga hadi ndala.

"Unatafuta nini, dada?"

"Hayo mawe."

"Haya? Haya yanakwenda jalalani. Pale tunaweka televisheni. Mzungu kaja kuona theluji, samaki wa nini?"

"Na tangi je?"

"Beba na tangi. Na hako kapampu ka hewa, na kipasha joto. Ukishindwa kubeba, usinirudishie."

Mimi sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Kabla sijaolewa nilikuwa mtumishi wa hoteli ya ufukweni, na tangi lao nilikuwa nalitunza mimi. Kwa hiyo nilimwuliza meneja maswali yanayopaswa kuulizwa na kila anayechukua mawe ya mtumba. Tangi lilikuwa la maji ya chumvi siku zote? Samaki waliwahi kuugua? Mliwatia dawa gani?

"Dawa?" Akacheka hadi mlinzi naye akacheka. "Dada, hata kuwabadilishia maji tulikuwa tunasahau, itakuwa dawa?"

Nikaridhika. Likumbuke swali hilo, kwa sababu nililiuliza mahali pamoja tu.

Nikuambie nilikuwa nani wakati ule. Nilikuwa mke mchanga huko Masama, mlimani Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo wa mume wangu, Eliamani. Tulionana Tanga alipokuwa fundi kiwandani. Kiwanda kilipouzwa wafanyakazi wakapunguzwa, naye akawa mmoja wao. Akasema twende kwao. Yeye alikuwa mziwanda, na kwa desturi yao mziwanda ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Tulifika kahawa ikiwa imeanguka bei, watu wanaing'oa wapande mahindi na nyanya. Hakukaa msimu mmoja. Akasikia habari za mashimo ya tanzanaiti kule Mererani, akafunga begi, akaniambia ni kwa muda tu. Nikabaki mimi, mama yake, ng'ombe mmoja na migomba.

Sijui kama umewahi kukaa mahali pasipo na upeo. Kwetu ukitoka mlangoni jicho linakwenda mpaka linachoka lenyewe. Kule nilikuwa nikitoka mlangoni naona mgomba, na nyuma yake mgomba, na alasiri ukungu unashuka unafunika hata hiyo migomba. Watu walikuwa wema. Walinisalimu njiani na kanisani, kisha wakageukiana wakaendelea na Kichagga chao, nami nikasimama pembeni na tabasamu langu mpaka likapoa usoni.

Na mama mkwe wangu, Mama Eli, hatukuwa tunaongea.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Miezi ya mwanzo alikuwa anapika yeye, ananiletea bakuli la mtori asubuhi, jioni kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja. Chakula kizuri, leo nakitamani. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa na hamu ya wali wa nazi, na siku moja niliporudi sokoni nilikuja na jiko langu la mkaa. Nikaliweka kwenye baraza la nyumba yetu ndogo, ng'ambo ya uwanja kutoka nyumbani kwake. Nikapika. Harufu ya nazi ikavuka uwanja ikaingia kwake.

Sikujua kwamba kwenye kihamba, mkamwana anayewasha moto wake mwenyewe wakati mama mkwe yu hai na ana nguvu anakuwa amemwambia kitu kizito sana. Hakusema neno. Bakuli tu liliacha kuja. Tangu siku hiyo tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja na moshi wake, uwanja mmoja katikati. Shikamoo mama. Marahaba. Basi.

Ndipo nikayaleta mawe. Na siku nilipoliweka tangi tupu juu ya meza, nikajiwekea nadhiri ya kijinga. Nilijiambia: nitatengeneza bahari humu. Ikishika uhai, nitabaki Masama. Ikifa, nitarudi kwetu Tanga na sitaeleza mtu.

Kazi niliifanya kama inavyopaswa kufanywa, hilo nalisema bila kuona haya. Jiwe kavu la tumbawe lina vitundu vingi kuliko unavyodhani, na ndani ya kila kitundu kuna kitu kilichokufa: mwani, vijidudu, mabaki ya chakula cha zamani. Ukiliweka tu ndani ya tangi, uozo huo unaamka. Kwa hiyo unalisugua, unaliloweka, unamwaga maji, unaloweka tena, mpaka siku utakayoinamisha pua usisikie harufu yoyote. Nilihitaji chombo kikubwa. Ndoo zilikuwa ndogo. Nyuma ya zizi kulikuwa na pipa limefunikwa kifudifudi, halina kazi. Nikalipindua. Nikalisugua kwa sabuni na majivu mpaka mikono ikawaka. Chini lilikuwa na duara la rangi ya samawati iliyofifia. Nikadhani ni rangi ya nyumba.

Nikiwa nimeinama pale, Mama Eli alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama. Nilimwona kwa pembeni ya jicho: alilitazama pipa, akayatazama mawe, midomo ikafunguka. Nikainua uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. Midomo ikafunga. Akaenda zake zizini.

Mawe yalikaa kwenye pipa lile wiki baada ya wiki. Nilibadilisha maji kila yalipochafuka, nikayaanika juani, nikayarudisha. Yakawa safi. Kaka yangu Yohana alikuwa ananitumia maji ya bahari kutoka Tanga, madumu chini ya viti vya basi, na makondakta wakanizoea. "Mama Bahari, mzigo wako!" Wengine waliamini nauza dawa za kienyeji. Nikajaza tangi, nikapanga mawe kama ngazi na mapango, nikawasha pampu. Umeme ulikuwa umefika kwenye nyumba za kandokando ya barabara, na yetu ikawemo. Nikasubiri tena. Maji yakawa meupe kama hewa. Jioni nilikuwa nakaa mbele yake na taa imezimwa, nasikiliza mapovu, naona kama kuna mtu chumbani.

Kisha Yohana akatuma ndoo. Ndani kulikuwa na konokono wa baharini, vikaa wadogo wale wanaojificha ndani ya makombe ya kuokota, na samaki mmoja wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe. Niliwazoesha maji ya tangi kikombe kwa kikombe, polepole, kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Walipoingia, konokono wakaanza kupanda kioo. Vikaa wakatembea juu ya mawe. Mwanangu, nililia. Nilisema peke yangu kwa sauti: basi nimebaki.

Asubuhi yake konokono walikuwa wamedondoka chini, wamelala chali. Vikaa walikuwa wametoka nje ya makombe yao, uchi, laini, wekundu. Kaa hatoki kwenye kombe lake isipokuwa amekosa kabisa pa kwenda. Kufikia mchana wote walikuwa wamekufa. Samaki alibaki. Alikuwa anaogelea kutoka kona hii kwenda kona ile, juu ya maiti za wenzake, mzima, peke yake. Nikamtazama muda mrefu. Sikuona samaki pale.

Nilimtoa, nikamweka ndani ya ndoo yenye maji ya dumu ambalo halijaguswa. Nikashusha begi langu kutoka juu ya kabati.

Alasiri ile ile nikasikia hodi. Alikuwa Mama Eli. Hakuwa ameingia chumbani mwangu tangu siku ya jiko. Mkononi alikuwa na jani refu la kijani, amelifunga fundo katikati. Nilidhani ametoka kukata majani ya ng'ombe akalisahau mkononi.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba." Hakukaa. Alilitazama tangi. "Wamekufa?"

"Wamekufa, mama. Kabaki huyu kwenye ndoo."

Akainama juu ya ndoo, mikono magotini. "Huyu naye anakula nini huku mlimani? Hana hata mwenzake wa kupiga naye soga."

Akainuka.

"Rehema. Lile pipa, marehemu baba yenu alikuwa anakorogea mrututu. Ile dawa ya bluu ya kupulizia kahawa. Miaka na miaka. Hata kuku tulikuwa hatuwanyweshi maji ya pale."

Sisi wa pwani hatupulizi kahawa, sikuwa nimewahi kuuona mrututu. Lakini nilijua una nini ndani, maana hotelini Tanga dawa ya samaki wagonjwa ilikuwa ya bluu vilevile, na tulikatazwa kuitia kwenye tangi lenye konokono na kaa. Ni shaba. Samaki huivumilia. Konokono na kaa inawaua. Na jiwe la tumbawe huinywa kwa kila kitundu, kisha huitema kidogo kidogo ndani ya maji safi, huku wewe umekaa unasifu weupe wake.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Uliniona nikiyatia."

"Nilikuona." "Nikasema moyoni, anayepika peke yake na ajionee peke yake. Ndivyo nilivyosema. Leo nimepita dirishani nimekuona umekaa chini mbele ya hilo sanduku lako, nikaenda mpakani kulikata hili."

Akaninyooshea lile jani kwa mikono miwili. Ndipo akanieleza, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba ni isale. Masale ndiyo wanayopanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, amekuomba msamaha, na hakuna awezaye kulikataa, hata kama kosa ni la damu. Mama mkwe kumletea mkamwana, alisema, yeye hajawahi kuona. "Kwa hiyo lipokee haraka kabla majirani hawajatuona wakacheka."

Nililipokea. Nikamwambia nami jiko lile sikuliwasha kwa dharau. Akapunga mkono, "Najua, najua, ulikuwa na hamu ya wali. Ningepita ningeonja." Kisha jicho lake likaanguka kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

Nikamwambia nadhiri yangu. Wakiishi nabaki, wakifa naondoka.

Mama Eli alinitazama, halafu akacheka, kicheko kilichomlazimisha kukaa kitandani. "Konokono? Konokono ndio wazee wa ukoo siku hizi? Umewaita kikao, wakakuamulia ndoa?" Akafuta macho. Akaacha kucheka. "Nisikilize sasa. Mimi nimekosa, nimeomba, umenisamehe. Lakini na wewe umekosa, nami nitakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kukwambia. Umewatuma wadudu kufanya kazi yako. Kama wangeishi, ungekaa hapa unazeeka, kila siku ukiwalaumu. Wamekufa kwa sababu ya pipa. Hawakusema lolote juu yako wala juu ya Eliamani. Kwa hiyo hujapata jibu bado. Lile swali liko palepale, na ni lako."

"Wewe ungefanyaje, mama?"

"Mimi? Mimi mwenyewe nilimwuliza mwanangu lini anarudi. Akaniambia Krismasi. Sikumwuliza ya mwaka gani."

Nje ukungu ulikuwa umeshafika kwenye migomba. Jioni ile alipika yeye, nami nikavuka uwanja nikala kwake, na tuliongea mambo ambayo watu wawili wangeweza kuyaongea tangu mwanzo.

Ungependa nikwambie nilibaki. Wengi ninaowasimulia wanapenda hivyo. Lakini usiku ule hapakuwa na jiwe la kusingizia, wala konokono, wala mama mkwe mkali. Nilikuwa mimi na swali langu. Na nilipolijibu kwa ukweli, jibu lilikuwa kwamba nilikuwa mke wa mtu ambaye hayupo, na nilikuwa nasubiri kwenye nyumba ambayo hata yeye alikuwa ameikimbia. Sikurudi Tanga pia, maana bahari haikuwa shida yangu. Nilitafuta chumba mtaa wa Rau, nikaanza kupika chakula cha kuuza karibu na stendi, na hapa Moshi ndipo nilipozeekea. Siku za soko Mama Eli alikuwa anakuja kula wali wangu. Alikuwa anasema nazi imezidi.

Sasa, mwanangu, umeniambia unaanza tangi la maji ya bahari na mfuko wako ni mwembamba. Vema. Chukua mawe makavu ya mtumba, wala usione aibu. Kung'oa yaliyo hai baharini si halali, na duka lingekumaliza. Lakini jiwe likiwa kavu usidhani limesahau. Uliza lilikotoka na lilikunywa nini. Ukimaliza kumwuliza mwenye jiwe, geuka umwulize na mwenye ndoo, mwenye pipa, mwenye bomba. Mimi nilimhoji mgeni wa mjini kwa makini kama polisi, nikashindwa kumwuliza neno moja mtu ambaye moshi wake ulikuwa unaingia dirishani kwangu. Lisugue, liloweke, subiri, na ukiona uko tayari, subiri tena. Tia konokono mmoja kabla hujaita kijiji kizima. Na jiwe lililokunywa shaba usilibembeleze, lipange bustanini.

Na jambo la pili ni zito zaidi. Usimpe kitu kisicho na mdomo kazi ya kukuamulia maisha. Usiseme likiota nitaoa, likifa nitahama. Ukitaka kubaki, baki kwa kuwa umetaka. Ukitaka kuondoka, ondoka na miguu yako, na kabla hujaondoka vuka uwanja ukaongee na yule mliyenuniana, maana huenda ndiye pekee anayejua pipa lako lilikuwa na nini.

Mungu akupe maji safi na subira ya kuyangoja. Akupe jirani wa kumwuliza. Akupe upweke mfupi, na ukiwa mrefu, usikufunge mdomo.

Baraka hiyo sikuitunga mimi. Sehemu kubwa nilipewa asubuhi ile ya Masama. Umande ulikuwa bado kwenye migomba. Begi lilikuwa begani, ndoo ya samaki mkononi, nimeifunika kwa kitambaa asiruke nje. Mama Eli alinisindikiza mpaka mlangoni kwake. Aliniwekea viganja viwili kichwani, akasema maneno ya Kichagga ambayo sikuyaelewa yote, kisha akayarudia kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja, nisipoteze hata moja.

"Aika, mama," nikamshukuru kwa lugha yake.

"Nenda sasa," akasema. "Nenda kabla sijakubadilishia mawazo."

Nikashuka ngazi. Alisubiri nifike njiani, nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu, polepole, na komeo halikuwekwa.